Unikumbukie Utoto Wangu

Majengo, Goma

Dada Asma,

Tuko wazima. Nyumba tuliyojenga upya kisha volkano kuiunguza ingali imesimama, ingawa waasi wamekaribia mji wa Sake, jirani na hapa.

Nilienda kwa munganga wa hospitali, kule Keshero, sababu akili yangu haitulii. Aliniuliza kama ninasahau, kama ninaacha kazi katikati. Nikajibu ndiyo kwa yote. Akasema, "Mama, inaweza kuwa woga wa vita, ao uko hivi tangu utoto. Nani anakumbuka?" Kati ya walioniona nikikua, umebaki wewe tu.

Juzi mabomu yalilia, nikakimbia na majirani. Njiani nikakumbuka mutoto wangu Mahamudi amelala nyumbani. Nilimukuta mulangoni, analia. Baba yake hajui.

Niandikie ukweli, dada, hata kama unauma. Sasa ninamubeba mugongoni hata nikipika, naye analalamika kwamba amekuwa mukubwa.

Mudogo wako,
Mwanaheri