Neno la Mwaka la Cadette

Wamaza, tarehe 6 mwezi wa tano

Yaya Emile, kaka yangu mukubwa mupendwa,

Nakusalimu sana, weye na mama Cécilia na watoto. Ule mugongo uliokuwa unakusumbua unaendelea namna gani? Na mvua ya Kasongo, iko inawahurumia? Huku tunapumua, lakini nikisema tuko na amani nitakudanganya. Umezoea kusema kwamba barua zangu mimi Elsa zinaanza na kulalamika. Basi cheka sasa hivi, Yaya, kwa sababu mbele hutapata nafasi. Réseau ya simu imekatika tangu wiki mbili, ndiyo maana nakutumia barua hii kwa mukono wa Djuma, anayepeleka muchele Kasongo na pikipiki yake kesho asubuhi.

Habari ni ya dada yetu Cadette. Mimba yake imefika mwisho. Infirmier, muuguzi wa centre de santé, kituo chetu cha afya, amemupima mara mbili, anasema mutoto amelala kwa kukingama, hawezi kutoka kwa njia ya kawaida, na lazima mama apelekwe hospitali ya Kasongo apasuliwe mbele ya uchungu kuanza. Alitoa wiki moja, na siku tatu zimeshapita. Cadette amekataa. Angekataa kwa ukali tungejua namna ya kumushinda, lakini anakataa kwa upole, anatabasamu, anasema neno lake la mwaka limeshasema.

Weye umekaa sana mujini, pengine umesahau desturi yetu ya siku ya Mungu, jumapili ya kwanza ya Januari. Maneno ya Biblia yanaandikwa kwenye vikaratasi, vinakunjwa, vinatiwa ndani ya kikapu, na kila mutu anachota kimoja. Utakachochota ndicho Mungu anakuambia kwa mwaka muzima, na watu wanakibandika ukutani juu ya kitanda. Mwaka jana mama Malaika, jirani yetu, alichota neno la kusamehe, akaenda kweli kupatana na mukewenza, na mpaka leo wanapika pamoja. Mimi sichekei jambo hilo. Neno linaishi na sisi humu ndani, linatutuma shambani, linatuzuia safari.

Mwaka huu hatukuwa na pasteri, wetu alihamishwa mbele ya Noeli, kwa hiyo muzee wa kanisa Ilunga ndiye aliongoza. Desturi inataka kiongozi achote wa kwanza. Alinyoosha mukono, halafu akamuona Cadette amesimama na katumbo kake, akasema mwaka huu mama mwenye mimba atangulie. Watu wakapiga makofi. Cadette akachota, akanipa nimusomee, maana hajui kusoma na tangu utoto mimi ndiye ninamusomea. Nikasoma: tengeneza mambo ya nyumba yako, kwa maana utakufa, hutapona.

Yesu wangu, Yaya!

Tangu siku ile anatengeneza. Sufuria kubwa amemupa mama Malaika, vitenge viwili amenipa mimi, na Serge mume wake amemuonyesha mipaka yote ya shamba la muhogo. Wamama wa korali wanakuja kila alhamisi kumuimbia, na nyimbo wanazochagua ni zile za matanga. Wakimusalimia wanashusha sauti. Wiki iliyopita niliingia kwao asubuhi, nikamukuta Serge ananyoosha kamba kando ya Cadette aliyekuwa bado usingizini, tangu kichwa mpaka miguu. Saa sita nikamuona na kamba hiyohiyo kwa seremala, anachagua mbao. Nikamuuliza za nini, akasema za kitanda. Nilimutukana pale mbele ya watu, Yaya, sikuficha. Akalia. Akasema anaogopa kushindana na Mungu, na kama akimubeba kwa nguvu halafu afie njiani kwenye matope, ni nani atajibu.

Sasa nifike pale ninapopakimbia tangu mwanzo wa barua hii.

Vikaratasi vya kanisa ninaviandika mimi. Kile hakikuwa cha Cadette, kilikuwa cha Ilunga. Mwezi wa kumi na mbili alinikataza kusoma Neno kanisani, akatangaza kwamba mwanamuke aliyerudishwa kwao na mume hafai kusimama mbele na Kitabu. Mbele ya watu wote! Nilirudi nyumbani na hasira. Nikatafuta neno la kumutisha, nikaliandika bila jina la kitabu wala sura, nikaliweka juu kabisa ya kikapu kwa sababu ni yeye angechota wa kwanza. Nilitaka tu akose usingizi mwaka muzima. Na kile kikaratasi kilipofika mukononi mwangu ningeweza kusoma maneno mengine, lakini Ilunga alikuwa ameinama juu ya bega langu, anaangalia. Niliogopa haya. Nikamusomea dada yangu kifo chake ili mimi nisipate haya.

Tena neno lile ni nusu. Liko katika Isaya sura ya makumi tatu na nane. Mufalme Hezekia aliambiwa vile, akageukia ukuta, akalia, na mustari wa tano Mungu anasema ameona machozi yake, anamuongezea miaka kumi na mitano. Nilijua, nikakata.

Jana nilipiga magoti nikamuambia Cadette yote. Akanipangusa uso na kitenge chake, akasema tangu zamani uongo wangu unajulikana mara moja, na kwamba anaelewa, ninatunga maneno hayo kwa sababu ninamupenda na ninataka aende hospitali. Nikafungua Biblia, nikamusomea mustari wa tano. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, polepole, kama kweli imeandikwa pale ao ni mimi ninayeongeza. Yaya, yule alibaki kulima muhogo ili mimi niende masomo!

Leo asubuhi nilimuendea Ilunga. Akasema kanisa litavunjika, tunyamaze kwanza mpaka Cadette azae. Serge hajui kusoma. Infirmier ni muislamu, na Cadette anamujibu kwamba hajui kitabu chetu. Umebaki weye. Weye uliyetulea baada ya baba kufa, hajawahi kukutilia shaka hata siku moja. Usingoje siku ya Mungu. Panda pikipiki ya Djuma siku hiyohiyo atakayokupa barua hii, uje na Biblia yako weye, si yangu. Umusomee sura ile tangu juu mpaka chini, usiruke kitu, halafu umubebe umupeleke. Nikishamuona amepanda pikipiki, nitasimama mbele ya kanisa niseme yote, na mutanifanyia munavyotaka.

Umusalimie sana mama Cécilia, na watoto uwashike kichwa mumoja mumoja kwa niaba yangu. Cadette naye anakusalimia. Amesema nikuandikie kwamba usisumbuke na safari, njia ni mbaya, utakuja tu kwa matanga.

Ni mimi mudogo wako,
Elsa