Maji Niliyonyunyiza mu Labo

Mama Furaha, muke wangu,

Salamu nyingi toka huku kwa baridi, kwa bazungu. Mugongo wako unaendelea namna gani? Na mpunga, mumeshavuna? Miye niko muzima, ata kama moto ulitaka kunila. Nyusi zangu zote zimeungua. Usicheke.

Nilikuambia kazi yangu ni kufagia na kuosha vioo mu labo, ile maabara ya chuo. Hakuna muntu anaviosha kama miye, profesa mwenyewe anasema. Martin, mwanafunzi wake mukubwa, anatengeneza kitu kama munyororo, mudogo sana, jicho haliuoni: nusu plastiki, nusu inatoka mu jiwe, ile silikoni ya mu mchanga. Ile nusu ya kwanza ikiwa hai, iko nyekundu sawa damu ya kuku. Tone moja tu la maji linaiua, rangi inapotea pale pale. Na dawa ya kuanzisha kazi, ikigusa maji, inawaka.

Kila siku Martin ananiambia: «Mzee, usilete maji hapa!»

Namujibu: «Nilianza kufagia baba yako hajazaliwa.»

Weye unajua, kwetu muntu hafagii bila kunyunyiza maji kwanza, vumbi ilale. Ata kule kwenye kiwanda cha siminti, kazi yangu ya zamani, nilifanya vile. Basi juzi asubuhi nikanyunyiza. Kidogo tu.

Martin akaingia na chupa ya dawa mukononi, akateleza. Chupa ikapasuka chini. Mama we! Moto ukalia kama munyama, ukamupanda mukono, ngozi ikaanza kutoka. Akakimbilia robine, bomba la maji, anataka kuumwagia maji. Nikamurukia, nikamupiga kofi mpaka pua ikatoka damu, nikamuangusha, nikafunika ule mukono na koti yangu. Aliniuma bega. Nikamupiga tena. Halafu nikazika moto ya chini na ndoo tatu za mchanga, peke yangu, muzee mimi!

Batu bote baliokuja mbio bakanipigia makofi. Profesa akasema kazi nitabaki nayo mpaka nichoke mwenyewe. Kisha akamugeukia Martin, mukono umefungwa bandeji: «Weye ndiye ulimwaga maji chini. Toka. Usirudi tena mu labo yangu.»

Martin akaniangalia. Masomo yake yote yanakufa pale, na hanitaji.

Ulimi wangu, unaujua namna uko muzito. Nikasema: «Profesa, yale maji ni miye. Alinikataza, nikakataa kusikia.»

Sasa Martin anaendelea na munyororo wake, kwa mukono moja. Miye bamenifukuza. Narudi mwisho wa mwezi.

Unisalimie Furaha, mutoto wetu wa kwanza, na shemeji Bosko wa kule siminti, na dada yangu Esperansi mwenye kuuza samaki sambaza ku mupaka.

Tena, ule mwaka uliniambia nisipande karibu na mufereji, nikakutukana, na maji yakabeba mpunga wote: nilikosa. Siku zote ulingojea neno hilo. Bazungu bamelisikia kabla yako. Unisamehe.

Ni miye, bwana yako asiye na nyusi,
Papa Furaha