Folda ya Nyumbani

La Rochelle, Johannesburg
8 Oktoba 2017

Kwako dada yangu Mwatumu,

Assalaam alaykum. Natumaini waraka huu utakukuta mzima, wewe, shemeji na bi harusi wetu Duni, na kwamba lile goti limekuachia usali bila kiti. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imegoma kuondoka na ninanuka dawa ya kuchua.

Uliniomba sauti ya marehemu mama akiimba, ipigwe harusini. Kumbe unakumbuka! Nilimrekodi kwa simu uani kwetu Tanga, anapepeta mchele, kuku wanamwingilia maneno. Nilizitia rekodi zote kwenye diski, katika folda niliyoiita "nyumbani". Sasa diski imezeeka, inakwaruza ikizunguka, nikaogopa itakufa na mama ndani yake. Nikaandika programu fupi ya kuzihamisha haraka, kama nifanyavyo na ripoti za ofisini Sandton. Wewe husema kazi yangu ni kubonyeza tu. Basi nilibonyeza, nikajibiwa kwamba folda hiyo haipo. Nililia, dada.

Jirani yangu Suhaib, Mzanzibari anayetengeneza kompyuta, alinicheka kwanza. Akasema eish, dada Bushra, hakuna kilichopotea. Kile kistari kinachoegemea nyuma, kinachotenga jina la diski na la folda, kikifuatwa na herufi n, programu hudhani imeamriwa kuanza mstari mpya. Ikaimeza n yangu, ikabaki inatafuta "yumbani". Folda za ofisini hakuna hata moja inayoanza na n, hazikuwahi kunitega hivyo. Akaniambia niandike vistari viwili badala ya kimoja. Nikaandika, rekodi zikaanza kuhama.

Sasa nikwambie nisilopata kukwambia. Tangu mama afariki sikuwahi kuzifungua. Sikumzika, nikaona nikimsikia ndipo atakuwa amekufa kweli. Ndiyo maana nilikataa kuja harusini, ingawa likizo ninayo. Tulipofungua rekodi ya kwanza, mama aliimba kidogo, akakatiza, akaita: Bushra! We Bushra! Nami, mtu mzima na miwani yangu, nikaitika kwa sauti: Abee, mama! Suhaib akageuza uso.

Unajua mama alivyokuwa mkali. Ukishaitika unainuka, unakwenda. Kuitika umekaa ni utovu wa adabu.

Msalimie shemeji, na Duni mwambie nyimbo nakuja nazo mwenyewe. Tiketi nimekata. Nitandikie kitanda cha mama, dada, maana nimeshaitika.

Mdogo wako akupendaye,
Bushra