Nyumba Mbili za Mutakura

Jumatatu, 6 Novemba 1995
Tumeziba matundu ya risasi, nyumba yangu ya kwanza hapa Mutakura, Bujumbura. Kumi na moja, yote upande wa barabara. Fundi Salvatori anasema usikimbilie saruji: panua tundu kwa patasi, lowesha ukuta, ndipo uzibe. Ukuta mkavu haushiki. Kitasa kipya pia. Mpangaji akihama, badilisha kitasa siku hiyo hiyo. Mpangaji mmoja wa zamani alirudi na ufunguo wake, na panga. Bunduki zinalia tangu asubuhi upande wa Kamenge. Salvatori hageuzi hata kichwa.

Jumatano, 8 Novemba
Vijana wanne wa mtaa, Wahutu, wamenisimamisha. Wanataka mpangaji wa nyumba ya pili atoke. Mama Odeta, mwalimu, mjane. Yeye Mtutsi, marehemu mumewe alikuwa Mhutu. Mmoja alikuwa na grunedi, bomu la mkono. "We Mwarabu, mutoe huyo mwanamuke. Ukikataa tunachoma nyumba na yeye ndani."
Niliitikia kwa kichwa. Nilichowaza kwanza ni mabati, mapya kabisa. Najichukia.

Alhamisi, 9 Novemba
Nimemwambia Mama Odeta ahame. Aliendelea kuchambua maharage.
"Niende wapi, dada? Hapa wananiita nyoka. Kwetu kwa Batutsi wananiita muke wa Muhutu."
Kila mwenye nyumba mwenzangu namwambia: mpangaji mzuri usimwache aondoke, nyumba tupu huoza. Na mimi ndiye niliyekuwa namfukuza. Basi nimemwambia aje kwangu, mjini. Kesho mchana.

Ijumaa, 10 Novemba
Saa nane tulikuwa tunapakia godoro kwenye pikapu. Wakaja, kumi au zaidi. Mapanga, petroli. Salvatori alikuwa anang'oa milango tuiokoe, mbao kama zile hazipatikani tena. Akaja mbio, akasimama kati yao na gari. Yeye ni Mhutu, wanamjua kwa jina.
"Apana. Huyu mama anafundisha batoto benu."
Panga la kwanza lilimpata shingoni. La pili sikuliona, nilikuwa nimeshawasha gari. Mama Odeta alilala nyuma chini ya turubai. Grunedi ikapasuka, vioo vikanimwagikia mgongoni. Niliendesha. Sikugeuka. Nilimwacha.

Jumamosi, 11 Novemba
Wanajeshi wameniruhusu kuingia kwa dakika chache. Nyumba zote mbili zimeungua, kuta tu. Salvatori uani, bila mkono wa kulia. Nimemfunika kwa mtandio wangu. Ningewakuta wale vijana, ningewaua. Naandika hivyo na sifuti.

Jumapili, 19 Novemba
Kanyosha, kwa mjane wa Salvatori. Nimekwenda na Mama Odeta. Mvua ilitukuta ndani. Masufuria matatu sakafuni yanakinga maji. Miaka ishirini alijenga nyumba za watu, na yake inavuja.
Mjane hakunilaumu. Alisema tu, "Aliniambia ataziba akimaliza kazi yako."
Mvua ilipokatika nimeomba nyundo, misumari na lami. Nimepanda juu mwenyewe, sijawahi maishani. Mama Odeta alishika ngazi. Mjane alikuwa ndani, anagonga mabati kwa mpini wa ufagio kunionyesha mahali panapovuja. Anagonga, napiga msumari. Anagonga tena.
Tumemaliza kabla ya magharibi. Ametupa chai.