Zubeda Aliandika Nilichotamka

Jumatatu, 14 Julai

Wanafunzi wote wamehudhuria. Upepo na baridi. Vumbi la Nzuguni limeingia hadi kwenye kibodi. Nimefuta meza za mbele kabla ya kipindi.

Majukumu yetu walimu wasaidizi yamebandikwa upya ukutani, maana karatasi ya zamani ilichanika. Kuzunguka darasani. Kujibu maswali. Kusahihisha mazoezi. Kila Ijumaa kumpa kila mwanafunzi rangi: kijani anaendelea vizuri, njano anahitaji msaada, nyekundu anazama. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: USIGUSE KIBODI YA MWANAFUNZI. Sijawahi kuigusa.

Nimepewa jina jipya. "Taarifa ya Habari ameingia, zimeni redio zenu," alisema Elia, kijana wa Kongwa asiyefunga mdomo. Wanajua nilikuwa mwandishi wa habari hadi gazeti letu lilipofungwa, na kwamba kuandika programu za kompyuta nimejifunza nikiwa na mvi. Darasa lilicheka. Na mimi nilicheka.

Jumatano, 16 Julai

Zubeda, meza ya kwanza, dirishani. Ametoka Kondoa. Ameacha kazi ya kuchapa barua za watu kwenye steshenari, na watoto wake wawili wako kwa mama yake. Akipita mchujo wa Agosti anaingia awamu ya pili, na waliomaliza awamu ya pili mpaka sasa wamepata kazi. Asipopita, basi. Mafunzo haya hayapokei mtu mara mbili.

Zoezi la leo: ng'ombe wa mnadani. Programu ipitie mnyama mmoja mmoja na kutoa majina ya waliochanjwa. Zubeda alikwama. Nilisimama nyuma yake, mikono mgongoni, nikamweleza. Andika hivi. Fungua mabano. Shuka mstari. Kabla sijamaliza neno, liko kwenye skrini. Haangalii vidole. Programu ilikubali mara ya kwanza.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu. Asante sana."

Zamani nikiwa Mpwapwa au Manyoni niliisoma habari yangu kwa kupiga simu, na mchapaji wa chumba cha habari aliandika huku nikisema. Wazuri walikuwa wachache. Huyu angewashinda wote.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya rangi. Elia njano: anabisha, anauliza kitu kilekile mpaka nachoka. Zubeda kijani.

Jesca, mkufunzi mkuu, ana umri wa binti yangu wa kwanza na macho makali. Alipitia rangi zangu. "Baba, una uhakika na huyu dada wa Kondoa? Sijamsikia akiuliza hata siku moja."

Nilimjibu kwamba asiyeuliza ameelewa. Nayaandika hapa kama nilivyoyasema.

Jumatano, 23 Julai

Walio njano wana kipindi cha ziada Jumamosi na Jesca mwenyewe. Elia analalamika kwamba anakosa mpira. Zubeda alimwambia angependa kuja naye.

"Wewe dada kijani unatafuta nini huko? Jumamosi kafue nguo. Hiyo ni siku yetu sisi vilaza."

"Nije tu kusikiliza."

"Utatujazia viti!"

Wakacheka wote wawili. Akarudi kwenye meza yake. Nilikuwa nasahihisha. Nilisikia kila neno.

Jumanne, 29 Julai

Kwenye viwanja vya maonyesho ya Nanenane wanajaribu vipaza sauti. Moja, mbili, moja, mbili, asubuhi nzima.

Nilitoa zoezi jipya. Elia alinikamata na maswali yake, nikachelewa kuzunguka. Nilipogeuka, Zubeda alikuwa amekaa wima, vidole juu ya kibodi, skrini tupu. Hakuwa anafikiri. Mtu anayefikiri hucheza na kalamu, hutazama dari, hukuna kichwa. Yeye alikuwa ametulia kabisa.

Nikaenda nyuma yake. Sikusema kitu. Naye hakugusa kitu. Tukakaa hivyo mpaka akageuza shingo, kwa adabu.

"Nipo tayari, mwalimu. Sema."

Niliaga kana kwamba nimeitwa na mtu, nikaenda kusimama nyuma ya jengo, upepo ukinipiga.

Hajawahi kuandika programu. Ameandika sauti yangu. Mimi sikugusa kibodi. Nilitumia vidole vyake. Miaka yote nilizoea kumtamkia mchapaji, naye alizoea kutamkiwa na wateja. Tulipatana mno.

Mchujo ni Ijumaa.

Jumatano, 30 Julai

Asubuhi nilimwambia Jesca. Nilitaka Zubeda ahamishiwe njano, apewe muda. Hakupandisha sauti.

"Vipindi vya Jumamosi vimeisha, baba. Mchujo keshokutwa. Mimi siwezi kukaa nyuma ya kila mtu. Ukiandika kijani, mimi naona kijani. Sina macho mengine."

Ni kweli.

Mchana nilikaa na Zubeda. Nilimwomba aanze mwenyewe, hata kwa kukosea. Aliandika mstari mmoja, akafuta. Akaandika, akafuta. Kila alipofuta alisema, "Samahani, mwalimu." Nilikuwa nimeuma ulimi. Kunyamaza kulinitesa kuliko mkutano wowote wa waandishi niliowahi kukaa. Jioni alikuwa na mistari mitatu. Miwili ilikuwa yake kweli. Ilikuwa na makosa, na ilikuwa yake.

Wiki tatu zingetosha. Nilikuwa nazo. Nilizitumia kusema.

Ijumaa, 1 Agosti

Walimu wasaidizi haturuhusiwi kuingia kwenye mchujo. Nilisimama nje na chai iliyopoa. Dirishani niliona vidole vya Zubeda vikienda kwa kasi, bila kusimama. Nilipata matumaini. Yalidumu mpaka saa sita.

Swali lilikuwa la shamba la zabibu: kujumlisha kreti kwa kila mkulima. Jesca alinionyesha alichoandika Zubeda. Ng'ombe. Mnada. Waliochanjwa. Programu yote ya tarehe kumi na sita, kutoka kichwani, haina kosa hata la nukta. Hata nafasi mbili nilizozoea kumtamkia kabla ya mabano zilikuwepo.

Jesca alifunga skrini taratibu. "Kumbukumbu ya ajabu," alisema. Hakuwa anadhihaki. Afadhali angedhihaki.

Jumatatu, 4 Agosti

Majibu yametoka. Elia amepita. Aliruka juu ya benchi, akanikumbatia, akaniita baba mzazi. Wote wa njano wamepita isipokuwa mmoja. Njano ilikuwa rangi ya bahati, na mimi ndiye niliyeigawa.

Zubeda hakupita.

Nilikwenda kwa mratibu, bwana mpole mwenye ofisi ya baridi. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: nani, nini, lini, vipi. Nilisema kosa si la mwanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema akimrudisha mmoja, wote walioanguka watadai warudishwe, na kila msaidizi atakuwa na hadithi yake. Akanishukuru kwa uaminifu. Akaniuliza kama nitaendelea na awamu ya pili.

Nimesema nitaendelea. Sijui kwa nini. Sioni kitu ninachofaa.

Jumanne, 5 Agosti

Zubeda alikuja kuaga. Ushungi wa kijivu, begi moja. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia. Nilimwambia ukweli wote, kwamba rangi yake niliikosea mimi. Alisikiliza kama anavyosikiliza siku zote.

Nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza Julai: kwa nini hakuniambia haelewi.

Alishangaa kidogo. "Ningekuambiaje, mwalimu? Mtu mzima umesimama, umeeleza mpaka jasho linakutoka. Niseme sijaelewa? Si ni kama nakwambia hujui kueleza?" Akacheka, si kwa uchungu. "Kwetu mkubwa akimaliza kusema, unaitikia."

"Na Elia?"

"Elia hana haya," alisema. "Mungu amzidishie."

Nilimbebea begi mpaka barabarani. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaniachia, kwa sababu mtu mzima nilishasema nalibeba. Hata hapo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Sikukuu. Uwanja uko jirani, sikwenda. Nimelala mchana. Nimeamka nimechoka zaidi.

Nimehoji mawaziri, wachungaji, wauaji wawili. Nilijua kwamba ukimuuliza mtu swali lenye jibu la ndiyo, atakupa ndiyo akalale. Nilifundisha vijana wa chumba cha habari jambo hilo. Kisha nikasimama nyuma ya Zubeda kila siku nikiuliza, "Umeelewa?"

Jumatatu, 11 Agosti

Awamu ya pili imeanza. Madarasa mawili yameunganishwa. Kwenye kiti cha dirishani amekaa dada mmoja wa Mpwapwa, mpole, daftari jipya. Huko nje wanavunja mabanda ya maonyesho. Nyundo tu, vipaza sauti vimenyamaza.

Alikwama. Nilimwendea na kiti, nikakaa pembeni yake badala ya kusimama nyuma. Nilieleza kwa ufupi. Akasema ameelewa. Nikamwomba afute yote aanze upya, bila mimi. Alinitazama kama niliyemtukana. Akafuta. Skrini nyeupe. Elia, meza ya tatu, alitaka kumsaidia, nikamwonyesha kiganja. Tukakaa. Nyundo huko nje. Kipindi kiliisha hajaandika kitu, nami sijatamka kitu. Sijui kama huko ni kufundisha.

Saa kumi ujumbe uliingia kwenye simu, kutoka Kondoa.

"Shikamoo mwalimu. Nimefika salama, watoto wazima. Nimerudi pale steshenari. Asante kwa yote. Ulikuwa unaeleza vizuri sana, nilielewa."

Niliandika marahaba. Nikaongeza sentensi, nikaifuta. Nikaandika nyingine, nikaifuta nayo.

Nikatuma marahaba peke yake.