Bunduki za Mninga

Kaka Edson,

Shikamoo yako nimeiweka kwanza. Huku Mhunze pamba tumeshavuna, na ng'ombe wako mwekundu amezaa.

Tulikuona kwenye taarifa ya habari, kifua mbele, ukionyesha bunduki mlizowanyang'anya waasi porini. Waandishi mliwasimamisha mbali na meza. Baba alicheka, maana ni yeye aliyezichonga kwa mninga na kuzipaka rangi, za kuchezea ngoma. Wewe umezaliwa hapa. Hujui kwamba mavuno yakiisha vijana wetu hujificha porini kufanya mazoezi, ili Bagalu, wapinzani wetu wa mashindano ya ngoma, wasituibie mtindo? Au hiyo nyota ya begani imekusahaulisha?

Ndaki, mtoto wa baba mdogo, tumemzika juzi. Risasi ilimpata mgongoni. Mama yake anauliza kama ndiye huyo kamanda wa waasi uliyemtangaza. Nimemjibu ndiye, angalau kafa na cheo.

Mashindano yako palepale, na baba anataka bunduki zake. Ile uliyoiinua mbele ya kamera, yenye ufa kwenye kitako, ndiyo uliyoichezea wewe mwaka tulioshinda. Ndaki aliichagua kwa sababu ilikuwa yako.

Mimi,
Eufrasia