Chakula Anachomfichia Baba

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sikukuu ya mavuno haijafika, maana ikinikuta bila jibu lako najua nitakosea.

Mimi ni mchomeleaji katika kiwanda cha meli hapa Geoje, shule niliishia njiani, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Kipindi chako cha redio tunakisikiliza kwenye bwalo tukila chakula cha mchana, wenzangu hucheka matatizo ya watu nami hucheka nao, ila leo ni zamu yangu.

Mama yangu ana ugonjwa wa Alzaima, yuko kwenye makao ya wazee waliopotewa na kumbukumbu kule kwetu Goheung, mimi ndiye mwanawe wa pekee na sina mke, na mama alishaanza kuacha gesi ikiwaka na kutoka pekupeku kwenda kumtafuta baba kwenye shamba la vitunguu saumu, ndiyo maana nikampeleka huko, na kijijini wanasema nimemtupa. Baba alishafariki. Mama hajui, au alijua na sasa hajui tena. Akiletewa chakula anamega kipande cha samaki au keki ya mchele, anakifunga kwenye karatasi na kukificha kitandani chini ya mto, anasema, "Mzee akirudi shambani atakuwa na njaa." Bibi Noh anayemhudumia huviondoa vikianza kunuka, kimyakimya.

Mwaka jana kwenye sikukuu hii nilimchukua kwenda nyumbani kwa ibada ya asubuhi ya kuwaandalia marehemu chakula, kwa sababu shangazi, dada yake baba, alisema mke lazima awepo mumewe anapoandaliwa chakula. Nikapanga meza, wali, supu, samaki, matunda ya peya, nikasimamisha picha ya baba. Mama akaingia anacheka, amevaa nguo yake ya sikukuu, akaiona.

"Nani kaweka picha ya mzee kwenye meza ya wafu?"

Akanigeukia mimi.

"Gap-su, baba yako yuko wapi?"

Shangazi ndiye aliyejibu. "Wifi, kaka amekufa. Si ulimlilia wewe mwenyewe? Tulia, tuiname."

"Amekufa? Mmemzika bila mimi?"

Mshauri, alilia kama siku ile ile ya msiba, ameketi sakafuni, anajipiga mapaja, na supu ikapoa mezani. Kwenye gari tukirudi alikuwa bado analia, kisha akanigeukia akaniuliza kwa adabu, kama mtu anayeongea na mgeni, "Samahani dereva, unajua ninalilia nini?" Nikamwambia sijui, mama. Akasema, "Basi nitakuwa nimefiwa," akaendelea kulia.

Baada ya hapo akakataa kula, na hakuficha chochote chini ya mto. Kifo kilikuwa kimemtoka akilini lakini huzuni ilibaki mwilini. Nilikaa na hofu hadi siku Bibi Noh aliponipigia simu akipiga kelele, "Kaka, ameficha samaki! Ameficha!" Nikalia ndani ya kofia ya kuchomelea, mahali ambapo hakuna anayekuona.

Sasa shangazi amepiga simu. Nikamwambia mwaka huu mama haji.

"Haji? Kaka yangu aje kula asimkute mkewe?"

"Shangazi, uliona mwenyewe mwaka jana."

"Niliona mjane akilia, ndiyo kazi ya mjane. Wewe unamwambia mama yako baba yu shambani, na baba yako anakusikia! Ndiyo maana hukupata mke, nani angemtaka mwanamume anayewadanganya wazazi wote wawili?"

Hilo la mwisho limenichoma. Asubuhi nitainama kumkaribisha baba kama marehemu, mchana nikamwambie mama mzee yuko shambani, je, si namkana baba? Na nikisema ukweli, namuua baba upya mbele ya mama. Sijui niwe mwana wa nani.

Fundi wa Geoje

*

Fundi, pole. Nilipofika kwenye swali la mama yako kwa "dereva" niliiweka barua chini, nikatoka nje kidogo. Sasa nimerudi, nisikilize.

Hujamtupa mama. Mtu aliyetupa hafurahii habari ya kipande cha samaki. Lakini na wewe! Alikuita kwa jina, akakuuliza wewe, ukakaa kimya hadi mwingine akajibu kwa niaba yako. Unachomelea meli na unaogopa kufungua mdomo mbele ya shangazi? Usirudie.

Shangazi naye usimchukie, aliyekufa ni kaka yake. Mwambie hivi tu: "Atakayemleta mama ndiye atakayekaa naye akikataa kula." Halafu ngoja uone kama atamleta.

Mama asiende. Picha asiione. Hilo limekwisha.

Lakini mke atakuwepo mezani. Siku moja kabla ya sikukuu pitia makaoni, ukae naye akila. Mwambie, "Mama, nakwenda kwa baba, nimpelekee nini?" Atakupa chakula, amekuwa akimwekea kila siku na hakuna aliyewahi kukifikisha. Kichukue na karatasi yake hivyo hivyo, usikihamishie kwenye sahani nzuri. Asubuhi kiweke karibu na wali wa baba yako. Shangazi akiuliza mkewe yuko wapi, mwonyeshe. Kisha iname.

Ibada ikiisha mtakula vilivyokuwa mezani, kama mnavyofanya siku zote, kwa kuwa marehemu ameshakula na sasa anawagawia nyinyi. Usile fungu la mama. Funga peya na keki ya mchele, umpelekee mchana ule ule, umtie mkononi, umwambie, "Baba amekula. Hiki amekuachia wewe." Nionyeshe hapo umemdanganya nani.

Huenda akauliza kama mzee alishiba. Sema alishiba. Huenda akakuita dereva. Itika. Huzuni haitaisha, fundi, na mwakani huenda asimtaje tena hata huyo mzee, kwa hiyo kaa, usitazame saa, meli zitakungoja. Na akimega kipande cha peya aliyoletewa na mumewe, akaanza kutafuta kitu cha kukifungia, usimwambie ni chake ale chote. Mpe karatasi.